Mkojo wa Mbuzi, Ziwa Likifungwa

Kabuta, 28 Novemba 1998

Naanza kuandika kwa sababu sina mtu wa kujisifia kwake. Mume wangu Ngosa yuko mjini Mansa kazini. Mama yake, Mama Eneless, ambaye naishi naye, akisikia neno maabara tu huchukua ufagio akaenda uani. Basi nitajisifu humu.

Mimi ni Arlène, fundi wa maabara ya mifugo. Nilisomea Lubumbashi na nikafanya kazi huko nikipima damu, kinyesi na mkojo wa wanyama, na sikuwa fundi wa kubahatisha. Vita vilipoanza tena Agosti nilivuka ziwa hili kutoka Kongo nimepakata hadubini yangu ndani ya kitenge. Watu botini walidhani ni mtoto, mmoja akanipisha kivulini. Sikumsahihisha.

Tarehe mosi wanafunga ziwa hadi Machi ili samaki wazae. Wavuvi wamenuna kama watu waliofiwa.

1 Desemba

Ziwa limefungwa. Nyavu zimekunjwa, na baiskeli zinazopeleka samaki bara zimeegemezwa ukutani. Ile mitumbwi mikuukuu wanayotilia samaki chumvi imesuguliwa na kupinduliwa. Mama Eneless amepandisha chumvi yake darini, maana askari wa samaki akiikuta nje ataanza kuuliza maswali. Nyumba nzima inanuka sabuni, jambo geni hapa.

5 Desemba

Mvua. Paa linavuja juu ya kitanda changu, si juu ya hadubini. Nimeshukuru.

11 Desemba

Mteja wa kwanza. Ba Fanwell, mwenyekiti wa wafuga mbuzi wa hapa Kabuta, mwanamume mrefu anayetembea kama ameitwa na chifu. Msimu wa samaki husafirisha samaki kwa baiskeli. Sasa hana kazi, anakaa na mbuzi wake kutwa, anawalisha pumba za mahindi kwa mkono wake mwenyewe.

"Ba Arlène, mukwai," akasema kwa heshima ya Kibemba, "hii mbuzi yangu inasimama, inakaza, inalia. Mukojo inatoka kidogo-kidogo."

Ni dume lililohasiwa, jeupe, limenona vizuri. Ba Fanwell alikuwa ameniletea mkojo wa dume hilo ndani ya chupa ya Fanta. Nilichovya kijiti cha rangi, kile chenye vibandiko vidogo vinavyogeuka rangi, na kibandiko cha sukari kikawaka kabisa. Nikakaa nikiwaza mbuzi mwenye kisukari, ugonjwa ambao sijawahi kuuona kwa mbuzi. Kisha nikanusa chupa. Ilikuwa Fanta.

Nilicheka mbele yake. Hakupenda. Sikujali sana, vijiti vyangu vimebaki vichache, na ninavipasua katikati kwa urefu ili kimoja kiwe viwili.

12 Desemba

Nimewafundisha watu wa jirani. Chombo kioshwe, kichemshwe, kikauke. Yale matone ya kwanza yaachwe yaanguke, ukinge ya katikati. Usiokote mkojo chini kwenye matope halafu uniambie una uchafu. Mbuzi jike ni rahisi: mwinue asubuhi alipolala, atakojoa kabla hajapiga hatua mbili. Dume ni kazi ya subira. Nimefunga upawa kwenye fimbo ndefu ili mtu akinge bila kumshtua mnyama.

Upawa ulikuwa wa Mama Eneless. Ameutambua, akauchukua. Leo nimekula ugali bila mboga.

19 Desemba

Mbuzi watatu sasa wanakaza, na mkojo wao umekuwa mwekundu. Ba Fanwell alipouona alisogea nyuma.

Nimeuweka kwenye glasi juu ya dirisha, nikafua nguo zangu. Niliporudi wekundu wote ulikuwa umeshuka chini, na juu mkojo ni wa njano, unaona mwanga upande wa pili. Hiki ni kipimo kisichotaka hata umeme. Kama ugonjwa unavunja damu ndani ya mishipa, kama ule wa kupe, mkojo hubaki mwekundu wote hata ukingoja mpaka kesho. Huu umeshuka. Maana yake ni damu nzima, iliyotoka kwenye kibofu au njia ya mkojo, mahali palipokwaruzwa. Kuna kitu kinawakwaruza mbuzi hawa.

Nilimweleza Ba Fanwell. Akasema, "Ee mukwai," kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia.

25 Desemba

Kanisani, kisha wali. Mama Eneless amenipa paja la kuku. Sijui nimefanya nini kizuri.

2 Januari 1999

Mbuzi wawili wamekufa, mmoja wao yule wa Ba Fanwell mweupe. Naandika hivi kwa hasira, si kwa huzuni peke yake.

Leo kamati ya wafuga mbuzi imekaa bila kuniita. Wamesema ugonjwa umetoka Kongo na mbuzi wa Papa Hippolyte. Huyu ni mzee wa upande wa Pweto aliyevuka Septemba na mbuzi wake ndani ya boti, majike na beberu lao, amejenga zizi mwisho wa kijiji karibu na matete. Hoja ya Ba Fanwell ni hii: mbuzi wa Hippolyte hawaugui, kwa hiyo wao ndio walioleta. Na watu wazima wakatikisa vichwa kukubali.

Wamemwomba afisa mifugo, Bwana Chomba wa kule bomani Nchelenge, aje tarehe kumi na sita. Akiona ni ugonjwa wa kuambukiza, mbuzi wote wa Papa Hippolyte watauawa na kuzikwa. Akiona sivyo, atamwandikia mzee kibali cha kubaki nao.

Nilikwenda kumwona Papa Hippolyte. Alikuwa anamkuna jike mmoja shingoni.

"Mama Arlène," akaniambia, "hii bambuzi njo bintu yote ilibakia. Nyumba iliungua. Bibi yangu tulimuzika kule, sijue kama hata musalaba ingali. Bakiua hii, asubui nitaamuka kufanya nini?"

Nikamwambia nitapima. Akasema, "Bien, vema, mama. Pima," kama mtu anayempa mgeni kiti kilichovunjika kwa sababu hana kingine.

Namchukia Ba Fanwell. Naandika wazi, ni kitabu changu.

6 Januari

Nimekwenda bomani. Alfajiri nilikusanya mkojo wa mbuzi watatu wanaokaza, nikaangalia mashapo yake kwenye hadubini, nikaona fuwele, nyingi, zenye pembe kama vifuniko vya jeneza. Vijiti vilionyesha damu na protini, na mkojo umetoka kwenye uchachu kwenda upande wa magadi zaidi ya kawaida ya mbuzi. Vijiwe vinajijenga ndani ya vibofu vya mbuzi hawa. Si ugonjwa wa kuambukiza. Nikafunga chupa kwenye kapu, hadubini mgongoni, nikapanda baiskeli ya kukodi nikijiona nimeshinda.

Bwana Chomba ni kijana mwenye miwani na shati lililopigwa pasi. Kiswahili chake amejifunza kwa wafanyabiashara wa kisiwani Kilwa, kile cha ziwani humu. Aliangalia kwenye hadubini, akaona fuwele zangu. Kisha akauliza, "Madamu, hii mikojo ni ya saa ngapi?"

"Ya alfajiri."

"Na sasa ni mchana. Imekaa, imepoa. Mkojo ukipoa, kristali zinajitengeneza ndani ya chupa. Ukikaa, bakteria wanazaana na hata rangi ya kijiti inabadilika. Mimi ningekuletea mkojo kama huu, ungenipokea?"

Nisingempokea. Ningemfukuza na maneno makali.

"Na hata ikiwa kristali ni za kweli," akaendelea, "za kutoka wapi? Mbuzi wa Kabuta wanakula kama mwaka jana. Niambie kwa nini sasa."

Nimerudi nimelowa na nimekasirika. Mvua ilinikamata njiani na hakuna aliyenipisha kivulini.

7 Januari

Ana haki. Nimelala na nimeamka, bado ana haki.

9 Januari

Mvua.

10 Januari

Mvua. Mbuzi mwingine anakaza. Mtu amekata kamba ya zizi la Papa Hippolyte. Mzee ameifunga upya.

14 Januari

Nimejua. Niandike polepole nisijivunie upesi mno, ingawa najivunia tayari.

Nilikuwa uani nachemsha vyombo. Mbuzi wa jirani, dume lililohasiwa, alikuja kwenye ule mtumbwi uliopinduliwa akaanza kulamba ubao. Akalamba, akalamba, akahamia upande wa pili, akalamba hata misumari. Mama Eneless akamtupia kuni.

"Hawa," akasema, "wakati wa samaki hawatoki hapa. Wanakunywa hata maji ya chumvi. Sasa hakuna, wanataka kula mbao."

Nikamwomba arudie. Akaniona nimechanganyikiwa, lakini akarudia.

Msimu wa samaki mbuzi wa Kabuta hulamba chumvi kutwa nzima kwenye mitumbwi na mapipa. Mwenye kulamba chumvi hunywa maji mengi, na mwenye kunywa maji mengi hukojoa sana, mkojo mwepesi unaosafisha njia. Ziwa likifungwa, chumvi hupanda darini. Mbuzi hawanywi sana, na mvua hii ndiyo imewakatisha hamu ya maji kabisa. Halafu wenye mbuzi wako nyumbani, hawana kazi, wanawapa pumba asubuhi na jioni. Pumba hujenga vijiwe. Jike njia yake ni fupi na pana, anakojoa kijiwe bila kujua. Dume aliyehasiwa angali mdogo njia yake ni nyembamba kama uzi, kijiwe kikifika mwisho hukwama. Mbuzi wa Papa Hippolyte ni majike na beberu ambaye hakuhasiwa, na wanakula majani huko kwenye matete kwa kuwa yeye hana pumba za kuwapa. Ndiyo maana hawaugui.

Nilimuuliza Mama Eneless kama miaka mingine ziwa likifungwa mbuzi hufa hivi.

"Hufa," akasema. "Hufa kila mwaka. Tunasema ni mvua."

Nikamkumbatia. Hakujua afanye nini na mikono yake. Jioni amenirudishia upawa, umesuguliwa, umefungwa kwenye fimbo na kamba mpya.

16 Januari

Nitaandika mpaka mkono uchoke.

Bwana Chomba alikuja na pikipiki chini ya mvua. Kamati ilikaa kwenye banda la kupimia samaki, ambalo sasa ni tupu. Walishusha turubai pande zote kuzuia upepo, ndani kukawa kama jioni. Nilikuwa nimeamua hivi: hadubini haitapelekewa chupa, hadubini itapelekwa kwa mbuzi. Waliletwa pale pale bandani. Majike wawili wa Papa Hippolyte. Dume wa Ba Fanwell, ndugu yake yule mweupe aliyekufa, ambaye ameanza kukaza tangu juzi. Dume wa jirani anayelishwa pumba lakini bado hajaugua. Na dume wa Mama Eneless, anayekula majani tu kwa sababu mwenyewe haamini kumpa mbuzi chakula kinachoweza kuwa uji wa mtu.

Majike walikojoa walipoinuliwa tu. Madume walitusubirisha. Nilichuchumaa na upawa wangu nyuma ya mbuzi mbele ya wanaume wote wa Kabuta, na nasema kweli, sikuona haya hata kidogo. Dume wa Ba Fanwell alitoa matone machache, mekundu, huku akilia. Nikaona uso wa Ba Fanwell aliposikia kilio kile. Nikageuza macho.

Nikaweka glasi mezani, ya Papa Hippolyte safi ya njano, ya Ba Fanwell nyekundu. Nikawaambia watu waiangalie wakati nafanya mengine. Vijiti vilitoka kama nilivyotazamia, na Bwana Chomba alisoma rangi mwenyewe. Halafu nikaweka tone kwenye kioo, nikainama, nikaona giza tupu.

Hadubini yangu haina taa. Ina kioo kidogo chini cha kuchukua mwanga wa jua. Jua halikuwepo. Tungefungua turubai, mvua ingetuingilia. Bwana Chomba akatazama saa yake, nami nilijua kwa nini: mkojo unapoa. Mtu nyuma akasema kwa Kibemba kwamba mashine ya Kongo nayo imekataa kusema, na watu wakacheka.

Ba Fanwell hakucheka. Alitoka mvuani. Nilidhani ameondoka kwa dharau. Akarudi anasukuma baiskeli yake, akaipindua matairi juu karibu na meza, akageuza taa ya dinamo ielekee kioo changu, akaanza kuzungusha pedali kwa mkono.

"Angalia, Ba Arlène," akasema. "Mimi nataka kujua nini inaua mbuzi yangu."

Mwanga ukaja. Nikaona, nikampisha Bwana Chomba, akaona. Kwa majike wa Papa Hippolyte, karibu hakuna kitu. Kwa dume wa Mama Eneless, fuwele moja moja, ambazo si ugonjwa. Kwa yule wa pumba ambaye hajaugua, nyingi. Kwa dume wa Ba Fanwell, zimejaa mpaka hakuna nafasi, pamoja na chembe za damu. Zote za mkojo uliokuwa ungali na joto la mbuzi.

"Nani anazungusha ili mimi nione?" akauliza Ba Fanwell. Papa Hippolyte akasimama kutoka kwenye kona yake, akashika pedali bila kuambiwa. Ba Fanwell akainama, akaangalia kwa muda mrefu. Nilimweleza akiwa ameinama hivyo hivyo, kuhusu chumvi na maji na pumba. Glasi yake mezani ilikuwa imeshatulia, nyekundu chini, njano juu, kila mtu anaona.

Alipoinuka alisema kwa sauti ndogo, "Pumba nilimupa mimi. Huyu na ule alikufa. Nilibapenda kupita bengine, nikabapa mingi."

Hapo chuki yangu ikaniishia, na nilikuwa nimeizoea. Nikamwambia amkalishe mbuzi matakoni, amshike kifuani. Nilinawa mikono na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, nikaosha mkasi nayo. Mwisho wa uume wa mbuzi dume kuna kijinyama chembamba kama mnyoo, na mara nyingi kijiwe hukwama hapo. Nilikipapasa, nikahisi chembe ngumu kama mchanga. Nikakata. Kwanza hakikutokea kitu. Kisha mkojo ukatoka, mwembamba, halafu mwingi, ukamlowanisha Ba Fanwell suruali yote mpaka viatuni. Akabaki amemshika, anacheka na machozi yanamtoka, na banda zima likapiga makofi.

Bwana Chomba akasema mbele ya wote, "Si ugonjwa wa kuambukiza. Na kazi hii ningejivunia kama ingekuwa yangu." Akamwandikia Papa Hippolyte kibali juu ya meza ile ile, karibu na glasi za mkojo. Papa Hippolyte alikishika kwa mikono miwili akakirudisha kwangu nimsomee, nikamsomea mara mbili.

Mimi Arlène nimefanya hivi. Hadubini, upawa na baiskeli iliyopinduliwa. Naandika ili Ngosa akirudi asome mwenyewe, maana nikimweleza atadhani naongeza chumvi.

20 Januari

Dume la Ba Fanwell linakula. Majani.

3 Februari

Kila nyumba imeshusha chumvi kidogo kutoka darini na kuiweka kwenye kigae mlangoni. Askari wa samaki alipita, akauliza, watu wakamjibu ni ya mbuzi. Hakuamini. Wakamtuma kwangu nimfafanulie, nikamfafanulia kwa muda mrefu kuliko alivyotaka.

Mmoja hakupona, nilichelewa kuitwa na kibofu kilikuwa kimepasuka. Nimelia kidogo. Watatu wamepona.

18 Februari

Mama Eneless amewaambia wanawake kisimani kwamba mkwe wake ni daktari. Mimi si daktari. Sijamsahihisha.

1 Machi

Ziwa limefunguliwa. Mitumbwi imetoka alfajiri, na ufuo umejaa kelele.

Nilikuwa zizini kwa Papa Hippolyte na upawa wangu tulipomwona Ba Fanwell anakuja, amevaa shati la kanisani, anavuta majike wawili kwa kamba. Alisimama nje ya uzio, akavua kofia na kumwamkia mzee kwa Kibemba.

"Batata Hippolyte, mwapoleni mukwai. Beberu yenu ni ya nguvu. Naomba majike yangu ikae hapa kidogo na yee, nipate uzao yake."

Papa Hippolyte alimaliza kufunga fundo alilokuwa akilifunga. Aliangalia majike wale kuanzia pembe hadi kwato, polepole, kama mtu aliye na siku nzima.

"Papa Fanwell," akasema, "sikatae. Lakini miye siingize mbuzi ya mutu mu zizi yangu bila kujua iko na magonjwa gani. Mama Arlène apime kwanza mukojo yao."

Nilimtazama Ba Fanwell. Alitazama chini, akavaa kofia yake. Kisha akanyoosha mkono kwangu kuomba upawa, akaenda mwenyewe nyuma ya jike wa kwanza, akachuchumaa na shati lake la kanisani, akakinga.